Kioo Nilichoichagulia Lenzi Yako

Mpenzi mume wangu Eliya,

Bahasha ya barua hii sikuilamba. Nimemwambia Hamisi, dereva wa lori la wilaya atakayekuletea mzigo huu kesho asubuhi, kwamba anaweza kuisoma akisimama njiani kupoza injini, na watu wa Mgori wakikuomba uwasomee, wasomee. Wenzangu wanasema barua ya mke kwa mume ni siri. Mimi nimeolewa juzi tu, na furaha yangu haienei ndani ya bahasha. Anayetaka kusikia na asikie: nakupenda, na leo nimekununulia kioo.

Ulipoondoka kwenda kupiga picha watu wa kijiji kipya cha Mgori, ulibeba kamera na lenzi yake ya zamani. Lenzi kubwa uliiacha kabatini, imezungushiwa kitambaa cha flana kama mtoto wa siku saba, ukaapa kwamba haitatoka nyumbani mpaka ipate filta ya kuikinga mbele. Jana Hamisi akaniletea kikaratasi chako: "Mzee Hirji amepata filta. Nenda ukachague. Chagua wewe, nakuamini." Basi. Hukuandika aina, hukuandika rangi. Nimekisoma kikaratasi hicho nikipika, nimekisoma nikifagia, na jirani yetu mama Salome aliponikuta nimesimama na ufagio mkononi huku nacheka peke yangu, aliniuliza kama nimepata habari ya mimba. Nikamwambia hapana, nimepata habari ya kuaminiwa.

Lakini kuaminiwa kuna uzito wake, mume wangu. Kioo hiki ni kidogo, kinaenea kiganjani, na bado leo kilinitoa jasho. Nataka nikueleze nilichokichagua na kwa nini, kwa sababu ukifungua mzigo kabla ya kusoma barua, unaweza kukunja uso. Tafadhali usikunje. Uso wako nikiukumbuka naukumbuka ukiwa umekunjuka.

Nakumbuka ulivyokuwa siku ya kwanza nilipoingia studio yako pale karibu na soko. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, sketi yangu ya shule nimeipiga pasi ya mkaa mpaka inasimama yenyewe, nahitaji picha ndogo ya kuombea kazi. Ukanikalisha kwenye kiti. Ukasogeza taa. Ukasogeza kiti. Ukairudisha taa mahali pake pa mwanzo.

"Dada, inua kidevu kidogo."

Nikainua.

"Kidogo tu. Hapo umeinua kama twiga anayetafuta jani."

Nikacheka, ukasema nimeiharibu, tuanze upya. Kesho yake ukaniambia picha imetoka na ukungu, nirudi. Nikarudi. Safari nyingine ukasema filamu imeingia mwanga. Rafiki yangu Zainabu, aliyekuwa ananisindikiza, alikutazama jinsi ulivyokuwa unapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi, akasema kwa sauti, "Kaka, wewe funga duka useme unataka kuposa. Huyu mwenzangu viatu vinakwisha kwa kuja hapa." Uliangusha kitambaa. Hapo ndipo nilipokupenda, sikufichi.

Kisha nakumbuka siku ulipopata lenzi. Yule padri mzee wa misheni, uliyemsaidia miaka mingi kusafisha picha zake, alikuwa anarudi kwao Ulaya kwa ajili ya afya yake. Alikuita, akakupa kisanduku cha ngozi, akakwambia macho yake hayatoshi tena kwa kitu kizuri namna ile. Ulikuja nacho kwetu jioni, kabla hata hujaleta mahari. Ulikifungua mezani mbele ya baba yangu kwa mikono miwili. Baba alidhani ni chupa ya mvinyo.

Ulinipa niitazame dirishani. Kioo chake kilikuwa na rangi ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwenye kioo, zambarau ikigeuka bluu, kama shingo ya njiwa. Ukanieleza kwamba ile rangi ni utando mwembamba uliopakwa kiwandani ili mwanga usipotee, na kwamba utando huo ni mwepesi kuliko ngozi ya maziwa. "Vumbi la Singida ni punje za mawe," ulisema. "Ukilisugua hapa juu ni sawa na kuikwangua kwa msasa. Na nyingine kama hii sitaipata maisha yangu yote." Nilikurudishia haraka. Nilikuwa nimebana pumzi.

Kwa hiyo unaweza kujua moyo wangu ulivyokuwa siku ile ya Sepuka.

Najua hupendi kuizungumzia, lakini niruhusu, kwa sababu kioo cha leo kimeanzia pale. Tulikuwa tumefunga ndoa Jumamosi, na Jumatatu tukaenda nyumbani kwenu Sepuka ili mama yako anipokee. Uwele ulikuwa unapurwa uwanjani, upepo unapeperusha makapi hadi machoni. Mama akatoka ndani ya nyumba ya tembe na kibuyu chake kidogo cha samli. Akanipaka kwenye paji la uso na kifuani, akakupaka na wewe, akanena maneno kwa Kinyaturu taratibu kama anayemlaza mtoto. Halafu akapaka jembe jipya, akapaka chungu nilichokuja nacho, akapaka hata lile sanduku la bati la nguo zangu. Nikamuuliza shangazi yako kwa nini. Akanijibu, "Kila kipya kinachoingia hapa kinapakwa, kisijione mgeni." Nilitaka kulia kwa utamu wa neno lile. Kisijione mgeni! Na mimi ndiye niliyekuwa mpya kuliko jembe.

Wewe ulikuwa umetoa lenzi kubwa ili utupige picha. Mama akageuka, akaiona imekaa juu ya kigoda, inang'aa.

"Na hiki? Si kipya hiki?"

Kabla hatujafungua midomo, kidole gumba chake, kimejaa samli, kilikuwa kimekwisha tua katikati ya kioo.

Nilikutazama. Damu ilikuhama usoni. Lakini ulisema, "Asante, mama." Mungu anajua nilivyokupenda kwa neno lile. Tatizo lilikuja na baba mdogo wako, ambaye kwa wema wake wote alishika pindo la shuka lake, shuka lililotoka kupuria uwele, akasema, "Lete nikufutie, mwanangu, mama yako amekijaza mafuta."

"Baba mdogo, ACHA!"

Hata wapuraji walisimamisha fimbo hewani. Mama yako akatazama kidole chake, akatazama kioo, akatutazama sisi.

"Nimeharibu?"

"Hujaharibu, mama."

Lakini sauti yako ilikuwa imekwisha toka, na sauti ikishatoka haifutiki hata kwa flana.

Tukaingia na lenzi ndani, tukafunga mlango ili upepo usituletee makapi. Ulipuliza kwa ile pampu ndogo ya mpira, ukapitisha brashi ya manyoya, ukalowesha pamba kwa spiriti tone moja, ukazungusha kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza. Mimi nilikuwa nashika lenzi kuielekeza kwenye mwanga wa kidirisha. Nje tukawasikia wanaulizana.

"Mbona wamejifungia mchana huu?"

"Waache, ndio wameoana juzi," shangazi akasema, na uwanja ukaangua kicheko.

Tulicheka na sisi, kwa kuziba midomo. Samli ilitoka yote. Kioo kilipona. Nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha, Eliya. Wewe uko kazini mchana kutwa na hukuona nilichokiona mimi. Mama alipokuja kututembelea mara ya kwanza baada ya harusi, nilimwonyesha kitanda kipya, meza, na lile jiko la mafuta ya taa tulilopewa na dada yako. Nilisubiri atoe kibuyu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono ameifunga mapajani, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Nikamwambia, "Mama, vitu vyetu hujavipaka." Akacheka kidogo, akasema, "Aa, mwanangu. Hivi ni vitu vya wasomi. Mikono yangu ni ya shamba, itaviharibu." Hata kikombe cha chai alikishika kwa ncha za vidole. Tangu siku ile nyumba yetu ina vitu vipya vingi ambavyo bado ni vigeni, na kigeni kuliko vyote kipo kabatini ndani ya flana.

Sikukwambia kwa sababu ungeumia, na ulikuwa na safari. Nakwambia sasa kwa kuwa naleta na dawa yake.

Leo asubuhi nilikwenda dukani kwa Mzee Hirji na kifuniko cha lenzi mfukoni, ili nisikosee ukubwa. Aliponiona akaita kwa sauti, "Karibu bibi harusi! Bwana amekukimbia?"

"Amenituma, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Akituma mke kununua filta, huyo bwana ana akili au ana wazimu. Kaa, tutajua."

Akatandika karatasi nyeupe juu ya kaunta, akafungua kisanduku, akapanga vioo vitatu. Cha kwanza kilikuwa kinene, pete yake ya bati jepesi. Nilikiweka juu ya karatasi, karatasi ikawa na rangi ya maji ya bwawa. Nikakiinua nikatazama ukingo wa dirisha kupitia kwake huku nakizungusha polepole, kama ulivyonifundisha kutazama miwani ya babu. Ukingo ulikuwa unajipinda, unanyooka, unajipinda.

"Hiki kinaogelea, mzee."

Alicheka. "Hiki ni cha watalii. Weka pembeni."

Cha pili, mume wangu, kilikuwa cha njano. Hapo ndipo moyo ulipogawanyika. Nilikikumbuka kabla sijakishika, kwa sababu nakumbuka ile Jumapili tulipokaa juu ya jabali kando ya ziwa Kindai. Mawingu yalikuwa yamejipanga juu ya maji kama kondoo waliooshwa, na wewe, badala ya kunisifu mimi, ulilalamika kwamba kwenye picha nyeusi na nyeupe anga la bluu linatoka jeupe na mawingu yanapotea ndani yake. Ukasema ungepata filta ya njano ingeizuia ile bluu, anga lingetoka na giza lake, na mawingu yangesimama. Ulisema hivyo ukiwa umefumba macho. Mimi nilikuwa nimekunja kanga miguuni, nakusikiliza, nawaonea wivu mawingu.

Basi nikakiinua kile kioo cha njano, nikatoka nacho hadi mlangoni, nikatazama juu ya majabali ya upande wa ziwa. Eliya wangu! Dunia nzima ilikuwa imechovywa kwenye asali.

"Hiki ndicho," Mzee Hirji akasema nyuma yangu. "Wapiga picha wote wanalia kwa hiki. Kinga kinafanya, mawingu kinaleta. Kitu kimoja, kazi mbili."

"Na akipiga picha ndani ya nyumba?"

"Ndani atakitoa. Njano inakula mwanga, ndani ya tembe hataona kitu."

"Akikitoa, lenzi inabaki wazi."

"Kidogo tu, binti. Halafu anakirudisha."

Kidogo tu. Nilisimama pale mlangoni na ile asali jichoni, nikaona kitu kimoja wazi kabisa. Wewe hupigi mawingu kila siku. Unapiga watu. Unaingia kwao, unatoka, unaingia tena, na watu wetu wana mikono. Watakushika, watakishika, watakufutia kwa shuka kwa sababu wanakupenda. Kioo cha kinga kinachovuliwa mara kwa mara kinakinga mawingu tu. Na ile siku ya Sepuka, wakati kidole cha mama kinashuka, ungekuwa umekitoa, kwa sababu ulikuwa unataka kupiga picha mlangoni mwa tembe.

Nikarudi kwenye kaunta. Cha tatu kilikuwa hakina lolote la kumvuta msichana. Nilikiweka juu ya karatasi, karatasi ikabaki karatasi. Nikakizungusha mbele ya ukingo wa dirisha, ukingo haukutikisika. Nikakiinamisha, nikauona ule utando wa shingo ya njiwa, hafifu, pande zote mbili. Pete yake ni ya shaba, na Mzee Hirji mwenyewe alikubali kwamba shaba hainasi kwenye lenzi hata jua likipiga, wakati bati jepesi huuma lisitoke. Kinafungwa leo na hakuna haja ya kukivua kazini mpaka kivunjike, na kikivunjika, ndiyo kazi yake. Ndani kikae, nje kikae, mchana wa vumbi na asubuhi ya ukungu.

"Unachukua kisicho na rangi?" Mzee Hirji alishangaa. "Bwana akifungua, atasema ni kioo cha dirisha."

"Hatasema, mzee. Namjua."

"Mmeoana lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi mmoja na unamjua!" Alikuwa anakifunga kwenye karatasi laini, mabega yanatikisika kwa kucheka. Mwache acheke tu mzee wa watu. Lakini nimekujua, si nimekujua? Nisamehe mawingu yako. Siku moja nitakuletea ya njano uifunge juu ya hiki, na tutarudi Kindai, na safari hiyo mawingu yakikupendeza kuliko mimi nitanuna hadi jioni.

Nimefika nyumbani nikamkuta mama yako ameketi barazani na debe la unga wa uwele. Alikuja na basi la asubuhi, atalala kwetu hadi kesho. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, nikaona ni Mungu ameniletea. Nilitoa lenzi kabatini, nikaifungua flana mbele yake. Alijivuta nyuma na kiti chake.

"Irudishe, mwanangu. Irudishe kabla sijapumua."

"Mama, ngoja kwanza."

Nikaipuliza kwa pampu, nikafunga kioo kipya mbele, nikakizungusha mpaka kikakaa. Kilikaa sawasawa, huwezi kujua pa kuanzia. Nikamwomba kibuyu. Akasema hakuja nacho. Nikamwambia, "Mama, kipo ndani ya kapu, nimeona shingo yake." Nilipiga magoti mbele yake na lenzi mikononi.

"Ipake, mama. Haijapokelewa vizuri."

"Mimi nilimtia mwanangu hofu mbele ya ndugu zake. Sitarudia."

"Hiki ni kioo kingine. Nimekinunua leo. Cha ndani kimekingwa, hakifikiwi na kitu. Hiki cha nje kazi yake ni kuguswa. Kikichafuka, nakifungua, nakiosha kwa sabuni kama sahani ya chai."

Nikakifungua nikampa akishike. Alikitazama mbele na nyuma, akapitisha kucha kwenye pete, akanitazama mimi kupitia kwake, jicho moja limekuwa kubwa kwa mshangao ingawa kioo hakikuzi kitu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka, Eliya, na meno yote!

"Kumbe mlikuwa mnaitembeza uchi! Na mimi mnaniona mkosaji! Kitu cha maana namna hii, hamjakivisha hata nguo!"

"Ni kweli, mama. Tulikosea sisi."

"Mlikosea sana." Akavuta kapu.

Alipaka. Nilirudisha kioo mahali pake kwanza, nikashika lenzi kwa mikono miwili, akachovya kidole gumba, akakitua katikati, akanena maneno yale yale ya uwanjani kwa sauti ile ile ya kumlaza mtoto. Nilisikia jina lako ndani yake. Nilisikia na langu. Kisha, bila kuombwa, aliinuka akapaka meza. Akapaka kitanda, huku anajifanya hanioni nilivyoinamisha uso. Akapaka jiko, akapaka hata kile kiti chako cha studio nilichokileta ndani kukishona. Sasa hivi ninapoandika yuko jikoni, ananiimbia nyimbo za kusaga, na kikombe chake amekishika kwa mkono mzima.

Mume wangu, mzigo ndio huo. Lenzi iko ndani ya sanduku lake la ngozi, flana kaizungusha mama mwenyewe. Utakapofungua kifuniko utaona katikati ya kioo alama ya kidole, yenye mistari yake yote, na harufu ya samli. Sikuifuta. Sabuni na pamba nimekuwekea pembeni, na najua unavyopenda kioo kisafi, lakini nakuomba kitu kimoja, kwa jina la siku zetu chache za ndoa: mtu wa kwanza atakayekaa mbele yako hapo Mgori, mpige picha kabla hujaifuta. Itatoka na ulaini kidogo, labda kama mtu anayeonekana alfajiri kupitia mvuke wa chungu. Mwambie asikasirike. Mwambie mama yako amempokea.

Kaa salama na vumbi la huko, kula, funga shingo asubuhi kukiwa na baridi. Mimi na mama tunakusalimu, yeye kwa sauti kubwa kutoka jikoni, mimi kwa ile nyingine unayoijua.

Ni mimi, mkeo, ambaye bado nashangaa kila ninapoliandika neno hilo.